Mkasi Kabla ya Sindano: Historia ya Wakata Nguo wa Kigali

Aghalabu mtu akiona vazi lililomkaa mwenzake vyema humsifu mshonaji, kwa kuwa mshono ni kazi inayoonekana kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Walakini kabla ya sindano kupenya kitambaa mara ya kwanza, hukumu kubwa ya vazi lile ilikwisha kutolewa na mkata nguo, ambaye aliutazama mwili wenye mabega, kifua, kiuno na nyonga, akaugawa akilini mwake vipande vipande, akavichora vipande hivyo juu ya karatasi au juu ya kitambaa chenyewe, kisha akaupitisha mkasi. Mshono mbaya hufumuliwa ukashonwa upya; kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi kilivyokuwa, na hasara yake humwangukia fundi au humwangukia mwenye mali. Kwa sababu hiyo, katika kila karakana yenye nidhamu, mkasi mkubwa una mwenyewe, na mwenyewe huyo huheshimiwa hata na wale waliomzidi umri.

Kusudi la insha hii ni kueleza habari za maarifa hayo katika mji wa Kigali, ambao umri wake haujatimiza karne moja na nusu, lakini ambao umeona katika muda huo mfupi mabadiliko ya mavazi ambayo miji mingine iliyapitia kwa karne nyingi. Na shabaha yetu ni moja: kuonyesha kwamba nchi haijivishi kwa kuwa na pamba, wala kwa kuwa na cherehani, wala hata kwa kuwa na mikono mingi yenye bidii, bali hujivisha pale inapokuwa na watu wake wenye ujuzi wa kugeuza mwili kuwa kiolezo.

Rwanda ya kale haikuwa nchi ya watu wasiojua kujisitiri. Kutoka mti wa umuvumu, ambao ni jamaa ya mkuyu, walibandua gome lake, wakaliloweka, wakaliponda kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka likatanuka na kulainika, likawa vazi lililoitwa impuzu. Na kutoka ng'ombe, ambaye alikuwa mali na heshima ya nchi ile, wanawake walipata inkanda, ngozi iliyosuguliwa na kupakwa siagi mpaka ikakubali kuzunguka kiuno bila kukakamaa. Majirani zao wa Buganda walikuwa na ufundi wa aina hiyo hiyo katika mti wa mutuba, na mnamo mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wao kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa wanadamu. Katika mavazi hayo yote palikuwa na kisu cha kusawazisha kingo, lakini hapakuwa na mkata nguo kwa maana tunayoikusudia hapa. Vazi lilibaki bapa, na mwili ndio uliolipa umbo kwa kulifunga, kulikunja na kulitupia begani. Adabu ya mavazi hayo haikufa: umushanana, ambao wanawake wa Rwanda huvaa katika harusi na sherehe hata leo, ni umukenyero uliofungwa kiunoni na umwitero uliopita juu ya bega moja, na uzuri wake wote umo katika mwendo wa kitambaa kinachoanguka chenyewe. Mtu asidhani basi kwamba kukata ni ustaarabu na kufunga ni ushamba. Ni njia mbili za kumvika mwanadamu, na kila moja ina hesabu zake.

Njia ya pili ilifika Rwanda kwa kuchelewa, nayo ilikuja imefungwa ndani ya jora. Pwani ya Zanzibar ilikuwa imezoea nguo za biashara tangu zamani, ila katika karne ya 19 ilitawaliwa na kitambaa kimoja kilichoitwa merikani, nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo merikebu za bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts zilileta kwa wingi, hasa baada ya Sultani Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Merikani iliingia bara pamoja na kaniki na ushanga, ikawa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja: ilipimwa kwa shubiri na kwa mkono, mikono minne ikawa upande au shuka, shuka mbili zikawa doti, na kwa vipimo hivyo wapagazi walilipwa, machifu walipewa heshima zao na njia zilifunguliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu tangu 1861 hadi 1865, viliinyima merikani pamba yake, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua sehemu kubwa ya soko lile. Lakini katika jimbo lile lile la Massachusetts, katikati ya vita hivyo, mwaka 1863, fundi mmoja wa mji mdogo wa Sterling aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuuza violezo vya karatasi vilivyopangwa kwa ukubwa mbalimbali, ili kila mtu mwenye sindano nyumbani mwake aweze kukata vazi bila kumwita fundi. Ni jambo la kutafakari kwamba kitambaa kilichovika Afrika Mashariki na karatasi iliyofundisha ulimwengu kukata vilitoka katika ardhi moja. Kitambaa kilitufikia mapema sana, na karatasi ikachelewa kwa zaidi ya nusu karne.

Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuwaachia wafanyabiashara wa pwani kuzoea nchi yake kama walivyoizoea Unyamwezi au Manyema. Na hata msafiri Mjerumani Graf von Götzen alipopita mwaka 1894, nguo ya dukani ilikuwa kitu cha watawala na wachache waliowazunguka. Mlango ulifunguka katika zama za Mwami Yuhi V Musinga, chini ya Wajerumani. Mwaka 1907 tabibu na msafiri Richard Kandt, aliyefanywa Mkazi, yaani mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, nchini Rwanda, alichagua kilima katikati ya nchi, mbali na ikulu ya Nyanza, akakifanya makao ya serikali. Na hapo ndipo mji wa Kigali ulipoanzia. Nyuma ya serikali walifuata askari, na nyuma ya askari walifuata Waswahili, Waarabu na Wahindi, waliouza nguo na chumvi na kununua ngozi za ng'ombe na za mbuzi. Mwaka 1913 palikuwa na msikiti, Al-Fat'h, na baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, jamaa hiyo ya Waislamu ilipewa mtaa wake upande wa Biryogo na Nyamirambo, mahali ambapo Kiswahili kilisemwa miaka mingi kabla ya sheria ya 2017 kukifanya miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda.

Pamoja na watu hao lilikuja vazi la kwanza lililokatwa ambalo lilipata kizazi katika Kigali, nalo ni kanzu. Yafaa tuitazame kwa karibu, maana wengi huivaa bila kujua hesabu iliyomo. Kanzu ya mkato wa kale ina badani, ambayo ni kipande kirefu kinachokunjwa begani ili nusu yake iwe mbele na nusu iwe nyuma, na upana wa badani hufuata upana wa kitambaa kama kilivyotoka mtamboni. Chini ya mikono, ubavuni, huingizwa taharizi, vipande vyembamba juu na vipana chini, ambavyo fundi huvipata kwa kukata mstatili mmoja kwa mshazari, hivi kwamba ncha nyembamba ya kipande kimoja imelala kando ya ncha pana ya mwenzake, wala hakuna kitambaa kinachotupwa. Kwapani hutiwa kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne, na shingoni hutiwa kaba kwa ndani ili shingo isitanuke. Nyuma ya mpasuo wa kifua huwekwa lisani, na ncha za mikono hupigwa sijafu. Ukiyapanga yote hayo juu ya jamvi kabla ya kushonwa, hutaona umbo la mtu hata kidogo. Utaona mistatili, pembe tatu na mraba mdogo, mfano wa vigae vilivyopangwa na mjenzi stadi asiyetaka kuvunja hata kimoja.

Mtu aweza kuuliza kikwapa kina kazi gani, nacho ni kidogo kiasi cha kiganja. Jibu lake liko katika sala. Mtu ainuapo mikono kutoa takbiri, na ainamapo kisha akasujudu, kitambaa cha ubavu huvutwa juu na kitambaa cha mgongo huvutwa mbele; kanzu isiyo na kikwapa ama huinuka nzima ikaacha miguu wazi, ama huchanika kwapani kabla ya mwezi kwisha. Yule fundi wa zamani aliyebuni mraba ule aliuchunguza mwili ukiwa katika ibada yake, akajua mahali mwendo unapozaliwa, akaweka kitambaa cha ziada hapo hapo na si pengine. Huo ndio moyo wa ufundi wa kukata: kuujua mwili unaotembea, unaoketi, unaobeba mtoto na unaoswali, ilhali kitambaa kingali kimelala kimya juu ya meza. Na maarifa hayo yaliingia Rwanda bila kitabu na bila karatasi, yakiwa katika vichwa na mikono ya watu waliotoka Tabora, Ujiji, Bukoba na pwani.

Njia nyingine ilipitia misheni. Mapadre Weupe walifika Rwanda mwaka 1900 wakaanza kituo chao cha Save, na kila palipokuwa na kanisa na shule palihitajiwa nguo za wanafunzi, za makatekista na za wasichana waliofundishwa kutumia sindano. Chini ya Wabelgiji, katika Usumbura, Bujumbura ya leo, na miji mingine ya himaya yao, palianzishwa vituo vya kuwafundisha wanawake wa mijini mambo ya nyumba, na kushona kulikuwa miongoni mwa masomo yake makuu. Huko ndiko karatasi ilikopatikana na sentimita ilikoshika nafasi ya shubiri. Huko ndiko gauni lenye kiuno, shati lenye kola na suruali yenye mifuko vilikokatwa kwa kufuata kiolezo kilichochorwa Ulaya kwa ajili ya miili ya Ulaya. Na tofauti ya mkato huu na ule wa kanzu ni kubwa. Koti la Kizungu linataka kitambaa bapa kikubali kuzunguka kifua kisichokuwa bapa. Linataka kichwa cha mkono kiwe na mzunguko mkubwa kidogo kuliko tundu la bega linalokipokea, na ule uziada umezwe na mshono pasipo kuonyesha mkunjo. Linataka kola ijue mahali pa kusimama na mahali pa kulala. Hapa mistatili haitoshi. Huhitajiwa mistari iliyopinda, na mstari uliopinda haupimiki kwa mkono na shubiri, bali huchorwa, hujaribiwa, husahihishwa, kisha huhifadhiwa.

Kigali ikawa basi mahali ambapo elimu mbili za mkasi zilikutana, ila hazikukutana kwa usawa. Waislamu wa Biryogo walikaa mbali na shule, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, wakajielekeza katika biashara, udereva na kazi za mikono. Na fundi wao alijifunza kama mafundi wa pwani walivyojifunza, yaani kwa kukaa chini ya fundi mwingine. Mwanagenzi alianza kwa kufagia vipande na kuokota pini, akaja akafundishwa kupiga pindo, kutia vifungo na kutoboa matundu yake, akapewa cherehani ya miguu kwa mishono iliyonyooka, na baada ya muda mrefu wa utii ndipo aliporuhusiwa kushika chaki. Kukata kulikuwa somo la mwisho, na mara nyingi kulikuwa siri, maana fundi aliyemfundisha mwenzake kukata alikuwa amejizalia mshindani barazani pa jirani. Utaratibu huu ulikuwa na baraka zake, kwa kuwa ulimkinga mteja na mkono mchanga. Lakini ulikuwa na dhara moja kubwa ambalo historia ililidhihirisha baadaye, nalo ni kwamba elimu iliyowekwa katika kichwa cha mtu mmoja huondoka duniani siku anapoondoka yeye.

Siku Rwanda ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000, na kuchaguliwa kwake kuwa makao makuu kuliwaletea mafundi wateja wa aina mpya: makarani waliotaka suti, walimu waliotaka suruali zenye mstari uliosimama, na shule zilizotaka sare. Sare humfundisha mkata nguo jambo ambalo suti ya mtu mmoja haimfundishi. Gauni la buluu la msichana wa shule ya msingi na kaptura ya kaki ya mvulana haviwezi kukatwa kimoja kimoja kwa kupima kila mtoto, maana bei yake haivumilii hivyo. Yapasa kutengeneza kiolezo cha mtoto wa wastani, kisha kukipandisha na kukishusha kwa hatua zenye uwiano, bega likiongezeka kidogo, urefu ukiongezeka zaidi na shingo ikiongezeka kwa uchache sana, kwa sababu mtoto akuapo havimbi pande zote sawasawa kama mpira unaojazwa upepo. Fundi aliyekata sare miaka mingi huujua ukuaji wa watoto wa mji wake kwa vipimo. Wakati huo huo kitenge kilikuwa kimeenea katika nchi zote za maziwa makuu, kikaja kutoka Kongo, Uganda na ng'ambo, na katika miaka ya 1980 Kigali ikapata kiwanda chake cha nguo, Utexrwa, ambacho kilifanya jora kutoka mtambo wa nyumbani liweze kufika kwenye meza ya mkata nguo wa nyumbani.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza mwezi wa Aprili na kudumu kwa siku zipatazo mia moja, yaliangamiza watu ambao serikali ya Rwanda huwahesabu kuwa zaidi ya milioni moja, na kalamu inayoandika habari za kazi za mikono haina haki ya kupita hapo kwa haraka. Miongoni mwa wale waliouawa walikuwamo mafundi na wanagenzi wao, na mabwana na mabibi ambao vipimo vyao viliandikwa katika madaftari ya karakana. Na kwa kuwa elimu ya kukata haikuwa imeandikwa mahali pengine, kila fundi aliyeuawa alikwenda na violezo ambavyo hakuna mtu aliyepata kuviona juu ya karatasi. Msiba wa roho za watu haulinganishwi na msiba wa kazi zao. Lakini haifai kusahau kwamba kumwua mtu ni kuua pia kila alichokijua.

Baada ya hapo mji ulijazwa na watu waliorudi kutoka uhamishoni, wengine wakiwa wamezaliwa huko: kutoka Kampala na Mbarara, Bujumbura, Bukavu na Goma, Nairobi na Dar es Salaam. Kila kundi lilikuja na mkato wake. Waliotoka Kongo walileta gauni la kitenge lenye mikono mikubwa na kiuno kilichobanwa, waliotoka Uganda walileta gomesi na suti za ofisini, waliotoka pwani walileta kanzu na madera. Wanawake wengi waliokuwa wajane au wakuu wa nyumba zao walipewa cherehani na vyama na mashirika, kwa kuwa cherehani ni mtaji unaoingia ndani ya chumba kimoja. Huko Nyamirambo, wanawake 18 waliungana mwaka 2007 wakaanzisha kituo chao, Nyamirambo Women's Center, na ushonaji ukawa miongoni mwa kazi zinazofundishwa na kuuzwa hapo. Hivyo mkasi, ambao barazani ulikuwa umeshikwa zaidi na wanaume, ukapita mikononi mwa wanawake kwa jina lao wenyewe.

Walakini wakati huo huo mji ulikuwa umefunikwa na caguwa, yaani mitumba iliyokuja kwa marobota kutoka Ulaya na Amerika. Mitumba iliwasitiri maskini kwa bei waliyoiweza, na hilo halikanushiki. Lakini kwa mkata nguo ilikuwa pigo, kwa sababu vazi la mtumba limekwisha kukatwa na mtu aliye mbali, na kazi inayobaki ni kupunguza kiuno, kufupisha mguu na kubadili zipu. Mwanagenzi aliyeingia karakanani katika miaka ile aliweza kupata miaka kumi ya ushonaji pasipo kukata koti hata moja tangu mwanzo. Hata hivyo mafundi werevu walipata chuo ndani ya adui wao. Walinunua koti la mtumba lililokuwa na mkato mzuri, wakalifumua mshono baada ya mshono kwa wembe, wakalipiga pasi kila kipande mpaka kikalala bapa, wakakiweka juu ya karatasi ya mfuko wa saruji na kukizungushia penseli, wakaandika jina la kipande na upande wa mtande, maana kipande kikiwekwa kwenye kitambaa kipya huku nyuzi za mtande zimekwenda mshazari, koti litajipinda baada ya kufuliwa mara mbili. Kwa njia hiyo koti moja lilitoa kiolezo, na kiolezo kikatoa makoti mengi. Hakuna mwalimu aliyewapa somo hilo. Walilisoma ndani ya mishono ya mafundi wasiopata kuwajua.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na nchi nyingine za Jumuiya zikalegeza azma; Rwanda ilishikilia yake, na kuanzia tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikasimamisha fursa ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na waliolipa kwanza walikuwa wachuuzi wadogo wa masokoni na wanunuzi wa kipato cha chini. Lakini uliweka mbele ya taifa swali ambalo miaka ya mitumba ililifunika: ikiwa hatutavaa nguo zilizokatwa na wengine, nani atatukatia?

Jibu la kwanza lilikuwa viwanda. Katika eneo maalumu la viwanda la Kigali kampuni ya Kichina C&H ilianza kushona mwaka 2015, ikawafunza vijana wengi kutumia mashine za umeme kwa kasi na usahihi, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na kampuni nyingine. Faida za viwanda hivyo ni dhahiri, nazo ni ajira na nidhamu ya saa. Walakini katika biashara ya nguo za kusafirishwa duniani kote, kiolezo kwa kawaida hutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo, kikiwa kimechorwa kwa kompyuta na kupangwa na programu inayobana vipande pamoja ili kitambaa kisipotee. Kiwanda hupokea, hukata kwa mashine, hushona na kufunga. Mfanyakazi aweza kushona mifuko ya suruali elfu kumi asijue kwa nini mfuko ule umeinama kwa kiasi kile. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami naongeza kwamba kiolezo cha kuazima nacho hakimfikishi fundi mbali, kwa kuwa siku mnunuzi atakapohamia nchi yenye mshahara mdogo zaidi, atahama na kiolezo chake, na itakayobaki ni mikono inayosubiri.

Jibu la pili liko katika soko la Kimironko mjini Kigali, na ni la zamani zaidi. Mwanamke hununua wari sita za kitenge, akavuka hatua chache hadi safu za cherehani, akamwonyesha fundi picha ndani ya simu yake. Fundi huzungusha utepe kifuani, kiunoni na nyongani, akapima kutoka bega hadi kiuno mbele na nyuma kando kando, kwa kuwa anajua vipimo hivyo viwili havilingani. Huandika tarakimu pembeni mwa kitambaa, hukikunja mara mbili, huchora kwa chaki bila karatasi na kukata. Ugumu wake mkubwa ni ua la kitenge. Ua kubwa la mviringo likikatwa pasipo kutazamwa laweza kuangukia titi moja na kulikosa la pili, au kupinduka kichwa chini mgongoni. Basi kabla ya kuchora hutafuta kwanza katikati ya ua, akaiweka katikati ya kifua, kisha hulinganisha pande zote kwa kutoka hapo, na ikibidi hupoteza nusu wari ya kitambaa ili asiipoteze heshima ya vazi. Kukata moja kwa moja juu ya kitambaa ni ustadi wa hali ya juu, na upungufu wake ndio ule ule wa mababu zake wa barazani: gauni likishaondoka, hesabu yake imeondoka nayo.

Jibu la tatu limetoka kwa wabunifu wa kizazi kipya. Matthew Rugamba alianzisha House of Tayo mwaka 2011, Joselyne Umutoniwase alianzisha Rwanda Clothing mwaka 2012, na Moses Turahirwa akaanzisha Moshions mwaka 2015, akiingiza katika mavazi yake michoro ya imigongo, ile sanaa ya pembe na mistari iliyotoka eneo la Gisaka. Mwaka 2018 vazi la House of Tayo lilionekana Marekani katika uzinduzi wa filamu ya Black Panther, likiwa mwilini mwa mwigizaji Junior Nyong'o. Sifa za nyumba hizi husemwa zaidi kwa rangi na michoro, lakini mimi naziona sifa zao kubwa mahali pengine: nyumba ya mavazi haiwezi kuishi bila kuhifadhi violezo, kwa sababu mteja wa Desemba anataka koti lile lile alilolipenda kwa mwenzake mwezi wa Machi, na lazima limkae. Bega la umwitero likitiwa katika koti la kisasa, mkata nguo anatakiwa kuliandika kwa mistari na tarakimu lile anguko la kitambaa ambalo tangu zamani lilikuwa siri ya mkono wa mwanamke. Hapo njia ya kufunga na njia ya kukata zimekaa meza moja, na Kigali imeanza kuchora violezo vyake badala ya kuvipokea.

Mji ule wa watu 6,000 sasa una zaidi ya milioni 1.7 kwa sensa ya 2022, na kila mmoja wao anavaa. Ushuru waweza kuzuia robota mpakani, na mkopo waweza kununua cherehani mia, lakini hakuna ushuru wala mkopo unaozaa mtu anayejua kwa nini kikwapa kikae kwapani na kwa nini mgongo upimwe mbali na kifua. Mtu huyo hutengenezwa kwa kufundishwa. Kwa hiyo vyuo vya ufundi vya Rwanda, na vya nchi zetu zote, vinapaswa kulitoa somo la kukata mwishoni mwa foleni na kulipatia mwalimu wake, chumba chake na mtihani wake. Karakana zinapaswa kuweka violezo kama ofisi zinavyoweka hati, vikiwa na tarehe na jina la aliyevichora. Na wazee wa Biryogo wanaokumbuka mkato wa taharizi kwa mshazari wanapaswa kuketishwa mbele ya vijana wenye karatasi na penseli wakiwa hai na wakiwa na nguvu. Fauka ya hayo, mkata nguo anapaswa kulipwa kama mwenye elimu, kwa maana kosa lake ni hasara ya wote wanaomfuata na usahihi wake ni faida ya wote. Taifa litakalofanya hivyo litavaa vazi lake, na mataifa mengine yatakapolitamani, yatakuja kuomba kiolezo Kigali.